Nukta Tatu

Wodi ya wanawake, hospitali ya Ibra, saa nane usiku.
Mama kazinduka na ulimi mmoja.
Kiharusi kimebeba Kiarabu chake chote,
miaka hamsini ya kupatana bei Soko la Jumatano,
ya kukemea mafundi, ya kutoa pole matangani.
Kimemwachia Kiswahili cha Ng'ambo,
kile alichoshuka nacho uwanja wa ndege
pamoja na cherehani, na mimi tumboni.

"Koo limenikauka," anasema.
Daktari anammulika mboni.
"Koo limenikauka, nyie, hamsikii?"
Thuraya wa zamu anaandika: mgonjwa anaropoka.

Nilipofika na chupa ya chai nikasoma lile faili.
Haropoki, nikasema. Ana kiu.

Muuguzi mwingine akavuta kiti.
Anaitwa Sorkha, mtu wa Ayalandi,
jina lake lina kha ya kooni hasa, wagonjwa wanaipenda.
Kwetu, alisema, kwa Kiarabu chake kilichopigwa pasi,
lugha ya bibi zetu ina wizara.
Ina televisheni, ina fungu katika kodi,
vibao vya barabarani yenyewe juu, Kiingereza chini.
Nyumba za magharibi zinalipwa kulaza watoto wa shule
wakati wa kiangazi, waiokote mezani pamoja na viazi.
Ukijibu mtihani kwa lugha hiyo unaongezwa alama.
Niliongezwa, akacheka. Ndizo zilizonifikisha hapa.

Kisha akashusha sauti.
Bibi yake bibi yangu alivishwa kijiti shingoni.
Kila neno la nyumbani, chale moja kijitini;
jioni mwalimu anahesabu chale, anachapa.
Sasa serikali inalipa deni la kijiti kile.
Inalipa vizuri, na kwa wakati.
Lakini nikipatwa mimi na haya ya mama yako,
maji nitayaomba kwa Kiingereza.

Sikuwa na la kumjibu. Niliona wivu wa vile vibao,
mimi ambaye lugha yangu hapa haina hata muhuri,
inaishi jikoni, kwenye simu za mashangazi,
na kwenye matusi, hasa kwenye matusi.
Nikamgeukia Hawra wangu, miaka kumi na moja:
mshike bibi mkono.
"Zen," akanijibu, macho kwenye simu.
Hapakuwa na kijiti kwetu. Sikuchapa mtu.
Nilikuwa nimechoka tu, kila jioni,
kwa miaka kumi na moja.

Nikachana plasta, nikaandika MAJI,
nikaibandika ukutani juu ya mto.
Sorkha akachukua kalamu, akaongeza lake chini: uisce.
Serikali ya watu wawili,
bajeti yake plasta, kiasi cha shibiri moja.

Mama akaitazama. "Hicho kidudu gani?"

Nilisahau.
Mama hajapata kuzisoma herufi hizi.
Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za chuoni,
kutoka kulia, kwa kalamu ya mwanzi,
barua zote kwa dada yake zilikwenda hivyo
na hivyo hivyo zikarudi.

Nikachana plasta ya pili.
Mim. Alif. Jim, nikaitia kasra.

"Maji," akasema. "Sasa ndiyo umeandika."

Thuraya akapita na trei, akasimama,
akafuatisha kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza:
Ma... ji? Ma-ji?
"Eeh!" Mama akafoka. "Tangu jana!"
Akaletewa gilasi, akainywa yote,
akadai nyingine, akalalamika ya baridi mno.

Hawra alikuwa amesimama nyuma yangu.
Kasra yako imepinda, akaniambia kwa Kiarabu,
akachukua kalamu, akainyoosha.
Akabaki na ile kalamu mkononi.
Akafikiri. Akaniangalia mimi, nami nikaangalia dirisha.
Ikambidi ageukie kitanda.

"Bibi," akasema, polepole, kama anayevuka wadi yenye mawe,
"choo... andika vipi? Ch hamna."

Mama akanyanyua mkono wake mmoja uliobaki mzima
akachora juu ya shuka:
jim,
na tumboni mwake, moja, mbili,
nukta tatu.